Jiwe la Kukwangulia Ukoko

Jikoni kwa mama yangu, Kihesa mjini Iringa, kulikuwa na jiwe ambalo kazi yake ilikuwa moja tu: kukwangua ukoko. Ugali ukishaliwa, mama analoweka sufuria, anaenda kupiga stori kwa jirani, akirudi analitoa jiwe kwenye karai la vyombo na kulipitisha mara tatu nne kwenye kitako cha sufuria. Ukoko unabanduka vipande vipande, kuku wanasogea. Lilikuwa na urefu wa kiganja na nusu, rangi ya kijivu iliyokolea, upande mmoja nene, upande wa pili limekatika bapa kama mdomo wa shoka. Wageni wakiliulizia, mama anajibu kwa furaha, "Mwanangu aliniletea, walikwenda safari ya shule." Mimi hapo nilikuwa nakumbuka nina kazi uani.

Niliondoka kwa sababu nililiiba.

Ilikuwa mwaka 1994, niko darasa la sita. Shule ilipata lori la kuazima, tukapakiwa na madumu ya maji na viazi vya kuchemsha, ziara ya siku moja: asubuhi Kalenga, mchana Isimila. Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ilitunyamazisha. Wengi wetu tulikuwa Wahehe, na hakuna mtoto ambaye babu yake hakuwahi kumsimulia vita vya Lugalo vya 1891 na jinsi fuvu la Mkwawa lilivyokaa kwa Wajerumani mpaka likarudishwa mwaka 1954. Tulisimama mbele ya kioo chenye fuvu hilo, hata watukutu wakaacha kusukumana.

Isimila haikuwa hivyo. Tulifika jua limekaza, mwenye lori anataka gari lake, mwalimu anatazama saa. Kilikuwepo chumba chenye vitu vya kuonyesha, tulikipita. "Twende kwenye nguzo, twende kwenye nguzo!" Tukateremka korongoni mbio, tukazikuta zile nguzo za udongo zimesimama ndefu kuliko mnara wa kanisa letu, nyekundu, zimechanjwachanjwa, na nusu saa nzima kazi ikawa kupiga kelele ili ukuta uturudishie. Hiyo ndiyo elimu niliyotoka nayo.

Na jiwe. Nilijitenga kwenye kijito kikavu kujisaidia, nikaliona limetokeza mchangani. Nililiokota bila kuwaza. Ajabu yake ilikuwa moja: lilikaa mkononi. Kidole gumba kilikuta pa kulala, vidole vinne vikakuta pa kushika. Nikalifunga ndani ya sweta, sweta nikalifunga kiunoni, nikapanda lori. Nyumbani mama akalipima kwa mkono uleule na kusema, "Hili litafaa."

Baada ya la saba niliingia kwenye uashi kwa mjomba. Anayeijua Iringa anajua kwamba fundi wa hapa hawezi kuyakimbia mawe. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Tunalo hadi Gangilonga, ambalo kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Misingi yetu ni ya mawe, kuta za kuzuia udongo ni za mawe, na miaka yangu mitano ya kwanza ilikwisha nikiwa na nyundo na tindo, nikitafuta upande ambao jiwe litakubali kupasuka. Ukipiga kwa pembe isiyo sahihi, jiwe linakufia mkononi: linagawanyika nusu kwa nusu, au linamung'unyika kona uliyokuwa unaitafuta. Mjomba alikuwa anasema usipige jiwe, liulize kwanza. Nilidhani ni maneno ya wazee ya kujipa ukubwa.

Barabara ya Mbeya nimepita kwa kazi sijui mara ngapi. Kutoka mjini unashuka Ipogolo, unashika lami kuu, kama kilomita 20 hivi unaliona bango la Isimila, kisha Tanangozi, Ifunda, na kuendelea. Kila nikiliona bango nilikuwa nageuza shingo upande wa pili. Mtu mzima, mwenye watoto, naogopa bango.

Mwezi Agosti mwaka 2022 tulikuwa na kazi ya msingi huko Ifunda. Tuko njiani, tajiri akapiga simu: saruji haijafika, njooni kesho. Kijana wangu wa saidia fundi, mzaliwa wa Njombe, ambaye hajawahi kuiona Isimila, akasema bosi, si tushuke hapa tukaone? Nauli tulishalipa, siku ilishaharibika. Tukashuka. Kutoka lami unatembea kwenye vumbi, upepo wa Agosti unakupiga usoni. Mzee mmoja akatupita na baiskeli, "Kamwene!" Tukamjibu. Nikajiambia kama kuna mtu wa kunikamata, angeshanikamata.

Tulipokewa na binti mmoja mwongozaji, mpole, akanipa shikamoo. Kijana wangu tayari ana simu mkononi: "Nguzo ziko wapi?" Binti akacheka. "Zipo, hazikimbii. Tuanze humu ndani." Yule binti alinifundisha jambo ambalo namwambia sasa kila mtu anayekwenda kule: usishuke korongoni kabla ya kuingia chumbani. Ukianza na korongo utaona mchanga, vumbi na mawe yaliyotupwa ovyo, utapiga picha kama mtu aliyefika jangwani, utaondoka. Mimi niliondoka hivyo, na zawadi juu.

Chumba si kikubwa. Usitarajie mambo ya Dar es Salaam. Kuna maelezo ukutani, kuna picha, kuna mifupa, na kuna mawe nyuma ya kioo, mashoka ya mkono ya watu wa kale. Yale mawe yalinisimamisha. Kwa mbali yanafanana, yana umbo la tone la maji au la jani la mwembe. Ukisogea unaona kila moja lina alama za mapigo. Nilianza kuhesabu. Upande mmoja wa jiwe moja nilipata mapigo 14, kila pigo limeacha kishimo chenye mawimbi madogo kama ndani ya ganda la kombe, na kila kishimo kimeanza pale kilichotangulia kilipoishia. Aliyepiga la nane alikuwa ameshaliona la tisa. Sikuwa nahitaji kusomewa bango. Nimekaa chini na jiwe mapajani miaka mingi, najua mkono uliofanya vile haukuwa unabahatisha.

"Baba, wewe ni mwalimu?" binti akaniuliza, maana nilikuwa nimeganda.

"Fundi."

Akatoa moja ambalo wageni wanaruhusiwa kushika. Nikaligeuza nikitafuta kivimbe, kile kinachobaki mahali nyundo ilipotua, nikakipata. Nikamwambia: hili halikuanza kama jiwe zima, limebanduliwa kutoka kwenye jiwe kubwa kwa pigo moja la nguvu, kisha kingo zikapunguzwa polepole pande zote mbili. Akasema ndivyo wataalamu wanavyosema. Nikajisikia vizuri kuliko siku niliyolipwa ghorofa.

Akatueleza kuhusu mawe yenyewe. Watu wale hawakuokota chochote kilichokuwa karibu. Kuna zana za itale, kuna za kwatsi, lile jeupe linalong'aa kama chumvi ya mawe, na kuna za mailoniti. Hili la mwisho sikuwahi kulisikia jina, ila nilikuwa nalifahamu sura. Ni jiwe lililosagwa na kuvutwa ndani sana ardhini, pale miamba inaposuguana, mpaka chembe zake zikawa laini. Itale ya kawaida ina punje kubwa. Ukiipiga inakwenda inakotaka. Jiwe lenye punje laini linakwenda unakoliambia. Rangi yake kijivu iliyokolea. Nikalitazama lile lililokuwa kiganjani mwangu, nikaliona karai la mama.

Umri? Vipimo vya uraniamu vilivyofanywa kwenye mifupa ya pale vilitoa takriban miaka 260,000. Mimi namba za namna hiyo hazinipandi kichwani. Nilipima kwa njia yangu: kuna nyumba niliijenga mwaka 2009, tayari ina ufa wa kupitisha kidole, na shoka lile bado lingeweza kuchuna mbuzi jioni hiyohiyo. Kijana wangu akauliza mafundi wenyewe wako wapi, makaburi yao. Binti akajibu kwamba zana zimepatikana kwa wingi sana, lakini mfupa wa aliyezitengeneza haujapatikana pale. Kazi imebaki, fundi hayupo. Kijana akaguna, "Kama kawaida."

Mifupa iliyopatikana ni ya wanyama: tembo, nguruwe, swala, na kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani ambaye macho yake yalikuwa yameinuka juu ya kichwa kuliko kiboko tunayemjua, kama jirani anayechungulia juu ya ukuta. Kiboko! Nikatazama nje dirishani: majani makavu, vumbi, kichaka cha miiba. Ndipo binti akasema kwamba pale palikuwa na ziwa, la kina kifupi, na watu wale walikaa kandokando yake kwa sababu wanyama walikuja kunywa. Maji yaliingiza mchanga na matope, tabaka juu ya tabaka, ziwa likajaa na kukauka. Baadaye sana mvua na vijito vikaanza kuchimba kwenda chini, na yaliyofunikwa yakatokeza.

Tulipoteremka sasa korongoni, sikuona jangwa tena. Kuta za korongo ni kozi. Ukuta wa tofali unausoma kuanzia chini: kozi ya kwanza iliwekwa kwanza, ya pili ikafuata, hakuna fundi anayeanzia juu. Hapa vilevile. Mstari wa mchanga, mstari wa udongo mweupe, mstari mwekundu, mchanga tena. Chini ya kibanda kimoja kuna mashoka yameachwa yamelala mengi pamoja, na hapo nilichuchumaa muda mrefu kuliko kijana wangu alivyopenda. Niliona moja limekwisha kabisa, zuri, ila ncha imekatika. Pigo la mwisho. Mjomba wangu angetukana. Sijui huyu mwenzetu alisema nini, lakini alilitupa, na mimi nilimwelewa.

Mwongozaji akaonyesha mstari mmoja ukutani na kusema maneno ambayo yalinikaa vibaya tumboni. Kwamba mtafiti akikuta jiwe ndani ya tabaka lake, anapima kina, anaandika lilikuwa na nini pembeni, mfupa gani, mchanga gani. Jiwe likishatolewa bila kuandikwa, hata likiwa zuri namna gani, haliwezi tena kusema lilikuwa wapi wala na nani. Na kwamba kulitoa ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964. Alisema kama anavyosema kwa kila mgeni, bila kunitazama. Mimi nikaona kama ameita jina langu.

Nguzo tulizifikia mwisho. Ni nzuri, nisiwe mnafiki. Sehemu ngumu kidogo ya udongo inakaa juu kama kofia, mvua inakula pembeni palipo laini, kilicho chini ya kofia kinasalia kimesimama. Pimbi wawili walikuwa wameota jua kwenye ukingo. Kijana wangu akapiga picha zake, akazituma Njombe palepale. Mimi nikazitazama zile nguzo kama sakafu ya ziwa iliyosimama wima, nikawa nawaza sweta langu la shule.

Tukiwa tunapanda kurudi nikauliza nani aliyegundua mahali hapa. Binti akasema jina la Maclennan, mwanafunzi wa Johannesburg, aliyepita njia hii mwaka 1951 akayaona mawe, akaokota baadhi, akayapeleka kwao. Nikasimama.

"Naye aliokota?"

"Aliokota, ndiyo. Ila alisema ameyatoa wapi."

Kwa sababu alisema, wataalamu wakafuatilia, na mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakaja kuchimba, na chumba kile kikapata cha kuonyesha. Mwanafunzi na mwanafunzi, jiwe na jiwe. Yeye alifungua mdomo, mimi nikafunga sweta. Miaka yote nilikuwa najiliwaza kwamba kosa langu ni dogo, mtoto alichukua jiwe, mawe yako elfu. Niliondoka siku ile bila kusema kitu. Nilimshukuru binti, nikamwachia ya soda, nikashindwa.

Nilimwambia mama Jumapili iliyofuata. Nilidhani atachukia kudanganywa, kumbe alichukia kunyang'anywa. "Miaka 28 natumia kitu changu, leo ni cha serikali?" Nikamweleza tabaka, ziwa, kiboko mwenye macho ya kuchungulia. Alisikiliza huku analisugua lile jiwe kwa kidole, kwenye kingo. Akauliza kama watu wale walikuwa wanalitumia kufanya nini. Nikamwambia kukata nyama, kukwangua ngozi. "Kukwangua," akarudia. Akanyamaza. Kisha akainuka, akaliosha kwa majivu na maji mpaka likang'aa, akalifunga kwenye kipande cha kitenge. "Lirudishe. Hata fuvu la Mkwawa lilirudi."

Safari hii nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ipogolo. Nilipofika nikafungua kitenge tu. Binti yuleyule alikuwepo na mwenzake mtu mzima. Hawakunifokea. Mzee akalishika, akalipeleka kwenye mwanga, akasema ni zuri sana, la makali mapana. Akacheka kidogo alipoona ule upande wa kukatia umelainika isivyo kawaida, ikabidi nimweleze habari ya sufuria. Kisha akachukua daftari na kalamu, akaniuliza swali moja.

"Ulilitoa upande gani?"

Tukashuka wote. Nilitembea korongo lile juu na chini karibu saa nzima. Niliamini nitakikumbuka kile kijito; mtoto anayejificha kujisaidia anachagua mahali, hasahau. Lakini mvua za miaka 28 hazikuwa zimelala. Palipokuwa na kona hapakuwa na kona. Mara nyingine nilisema hapa, nikasogea hatua tano nikasema hapana, hapa. Je, lilikuwa limeanguka kutoka juu ya ukuta au lilikuwa limechimbuliwa na maji kutoka chini? Lilikuwa limelala peke yake au na mengine? Mzee alikuwa anasubiri, kalamu juu, ananitazama kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. Mwisho akaandika. Nilichungulia: tarehe, maelezo ya jiwe, na kwenye mahali, "haijulikani".

Nikarudi mjini na kitenge kitupu.

Nilijua nina deni kwa mama. Nilitafuta jiwe lenye punje laini kwenye machimbo tunakonunulia kokoto, nikakaa nalo Jumamosi mbili nyuma ya nyumba. Tindo nikaiweka pembeni, nikatumia jiwe la mtoni kama nyundo, kama binti alivyotueleza. Nisimulie nini? La kwanza lilinifia. La pili lilinikata kidole. La tatu lilipasuka vizuri pigo la kwanza mpaka la sita, nikaanza kujisifu, la saba likachukua nusu yake. Kijana wangu alikuwa ananihesabia kwa sauti. La tano au la sita hivi ndilo lililofanana na kitu, nene upande mmoja, ukingo upande wa pili, lina kilema ubavuni ambapo kidole gumba hakikupata pa kulala vizuri. Mtu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20 na mawe.

Mama akalipokea, akaligeuza, akalipitisha kwenye kitako cha sufuria. Lilitoa mlio, likaacha mchirizi mweupe.

"Hili linakula sufuria," akasema.

Siku hizi liko mlangoni, linazuia mlango usipigwe na upepo. Ukoko anakwangua kwa kijiko, na akijua niko sebuleni anakwangua kwa nguvu zaidi.